Picha Inayomdai Mtazamaji

Kamalondo ndiyo komini kongwe kati ya zile ambazo ukoloni ulizitenga kwa Waafrika mjini Lubumbashi, Kongo. Wabelgiji walioanzisha mji huo mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville walimtaka Mwafrika awe karibu wakati wa kazi na awe mbali wakati wa kulala, wakaacha ukanda mtupu kati ya mji wao na mtaa huu, ambao enzi hizo ulibeba jina la mfalme wao, Albert. Upande wa pili wa ukanda huo historia ilikuwa na masanamu na majina ya barabara. Upande huu, mtu aliyetaka kuiona historia yake ikitundikwa hakuwa na pa kuitundika ila ukutani mwa sebule yake.

Sebule hizo za Lubumbashi zilipata wachoraji wake baada ya uhuru, hasa katika miaka ya 1960 na 1970. Walichukua kitambaa cha mifuko ya unga, wakakiwamba kwenye fremu ya mbao, wakakipaka rangi nyeupe, kisha wakaanza kuchora. Picha ikikauka, mchoraji aliibeba mwenyewe akaizungusha nyumba kwa nyumba, kwa bei ambayo karani au mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, aliweza kuimudu. Aliyeipenda picha ya jirani yake alichorewa nyingine kama hiyo. Wapo wanaouona urudiaji huo kuwa upungufu wa ubunifu. Mimi naona heshima. Mchoraji alikubali kwamba jambo linalowahusu wengi halipaswi kumilikiwa na mmoja, akalichora tena na tena mpaka likafika kila mlango aliobisha hodi.

Ziko picha mbili ambazo wakazi wa mji huo wa shaba walizizoea kuliko nyingine. Ya kwanza ni Mamba Muntu, mwanamke mzuri mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki, aketiye kando ya maji. Humpa mtu utajiri, lakini kwa masharti, na masharti hayo humkuta mtu akiwa keshazoea kula. Ya pili iliandikwa juu yake Colonie belge, yaani koloni la Ubelgiji. Humo mfungwa amelazwa kifudifudi, askari mweusi anamchapa kiboko, na ofisa mzungu amesimama pembeni akitazama. Tazama nani ameshika kiboko. Mchoraji angeweza kumpa mzungu kiboko hicho, na uchungu ungekuwa mwepesi zaidi kuubeba. Alimpa mtu wetu, akaitundika picha hiyo mahali ambapo watoto wa askari na watoto wa mfungwa hukaribishwa chai pamoja.

Picha za namna hii wakazi wenyewe waliziita ukumbusho, na kipimo cha ubora wake kilikuwa wazi. Uzuri wa rangi ulihesabiwa, lakini swali kubwa lilikuwa kama mgeni akiitazama atapata la kusema. Iliyomwacha kimya ilikuwa pambo tu.

Aliyeishika imani hiyo kwa nguvu kuliko wenzake ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947. Mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini humo. Mtu mwingine angemuuzia mgeni huyo picha chache akaenda zake. Tshibumba alimweleza kwamba angeweza kuichora historia yote ya nchi, akafanya hivyo. Kufikia mwaka 1974 alikuwa ameleta mfululizo wa picha 101, kuanzia zamani za mababu, akapitia ukoloni, mgomo wa Desemba 1941 wa wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni, uliozimwa kwa risasi, uhuru na kujitenga kwa Katanga, mkoa wa mji huo, akamalizia na mashaka ya siku zake na fikra juu ya siku zijazo. Kila alipoleta picha aliisimulia kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na kinasa sauti kikazunguka. Hakutaka kuitwa mchoraji tu. Alijihesabu kuwa mwanahistoria.

Dai hilo lina uzito wake. Mchoraji wa mandhari akikosea rangi ya mlima, hakuna atakayekuja kumgombeza. Anayejiita mwanahistoria amejitia mikononi mwa wazee waliokuwapo. Ndiyo maana Tshibumba aliandika tarehe, majina na vyeo juu ya picha zake, kisha akatia sahihi. Yapo aliyoyachora ambayo hakuyaona wala yasingeweza kuonekana kwa macho, kwa kuwa alitafuta maana ya tukio kuliko sura yake. Hata hivyo jina lake limekaa pale chini, na kutia sahihi ni kukubali kuulizwa.

Mfano mkubwa ni kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa pamoja na wenzake Mpolo na Okito karibu na Lubumbashi tarehe 17 Januari 1961, Tshibumba akiwa bado kijana mdogo. Katika picha yake miili mitatu imelala chini, na nyuma yake imesimama misalaba mitatu. Damu inatoka ubavuni mwa Lumumba, inatiririka, inaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Mkristo yeyote wa Katanga aliielewa bila kufundishwa. Wakati huo serikali ya Rais Mobutu ilikwisha kumtangaza Lumumba shujaa wa taifa, tangu mwaka 1966, ingawa Mobutu mwenyewe alikuwa na mkono katika kuanguka kwake. Shujaa wa serikali hutajwa kwenye sherehe na haulizi kitu. Shujaa wa Tshibumba ana damu, na damu hiyo imemwagika jirani na nyumba ya mnunuzi. Kwa hiyo mtazamaji anadaiwa jibu: siku ile wewe, au baba yako, mlisimama wapi?

Mtazamaji wa namna hiyo hakuwapo katika sanaa iliyotangulia. Huko nyuma, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mjini humo karakana ya sanaa iliyoitwa Le Hangar. Hapo walitoka mafundi hodari: Pilipili Mulongoy na ndege wake, Bela Sara aliyechora kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga na mistari yake iliyosukwa kwa subira. Kazi zao ni nzuri, na sitaki kumpunguzia yeyote sifa. Lakini zilipendwa na kununuliwa zaidi na Wazungu, na msitu unaochorwa humo hauna polisi, mgodi wala jela. Wachoraji wa sebuleni walipoteza sehemu ya uzuri huo wakapata kitu kingine, yaani mnunuzi anayeijua habari kuliko mchoraji, anayeweza kumkatiza na kumwambia haikuwa hivyo. Sanaa yenye hadhira ya namna hiyo haiwezi kudanganya kwa muda mrefu.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hajulikani alipo. Kazi yake haikupotea naye. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, amezichukua picha za kumbukumbu za wafanyakazi wa zamani wa migodi akawasimamisha upya mbele ya magofu ya Gécamines ya leo. Chombo chake ni kamera, lakini dai ni lile lile, na tamasha la sanaa alilolianzisha na wenzake mwaka 2008 linaendelea kulileta mjini.

Picha 101 za Tshibumba ziko Amsterdam, na kitabu kilichozitoa mwaka 1996, pamoja na maneno yake, kilichapishwa kwa Kiingereza. Sidai kwamba zilitunzwa vibaya. Huenda zisingesalimika popote pengine. Lakini kazi iliyotengenezwa ili watu wabishane mbele yake haijakamilika ikikaa mahali ambapo watazamaji hawana la kubisha. Nakala zake zichapwe, zitundikwe katika shule za Kamalondo na komini jirani, na masimulizi yake ya Kiswahili yasikike kando yake. Kisha walimu waulize wanafunzi swali moja tu: mzee wa nyumbani kwenu anasemaje?