Kwa nini taa wa Xingu hufugwa kwenye nyuzi 28

Mto Xingu nchini Brazil, anakotoka taa mweusi mwenye madoa meupe aitwaye Potamotrygon leopoldi, ni mto wa maji moto. Kiangazi kikikolea, maji yake hupita nyuzi 30 za sentigredi na taa huyo huishi humo bila taabu. Hata hivyo wafugaji wazoefu wanaomweka kwenye tangi la kioo hutega hita kwenye nyuzi 27 au 28. Anayeanza huuliza, na ni haki yake kuuliza: kwa nini kumnyima samaki joto alilozaliwa nalo?

Jambo la kwanza ni hewa. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji yasiyo na chumvi hushika takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa nyuzi 25. Kwa nyuzi 30 hushika 7.6, na kwa 32 hushika 7.3. Upungufu huo ungevumilika kama mahitaji ya samaki yangebaki palepale, lakini joto la mwili wa taa hufuata joto la maji. Maji yakipanda moto, mwili wake hufanya kazi kwa kasi na kudai oksijeni nyingi zaidi wakati uleule inapopungua. Bakteria wa kwenye chujio nao wanaigombea. Xingu hupita kwenye miamba na maporomoko, maji yakichanganyika na hewa usiku na mchana. Tangini kazi hiyo ni ya pampu, na pampu inategemea umeme.

Jambo la pili halizungumzwi vya kutosha, nalo kwangu ndilo kubwa zaidi: amonia. Taa wa baharini, wale tunaowaona kwenye masoko ya Pwani, huhifadhi urea nyingi mwilini ili bahari isiwakaushe. Ukoo wa taa wa mito ya Amerika Kusini uliachana na mfumo huo zamani. Damu yao ina urea kidogo mno, na sehemu kubwa ya taka za protini huitoa kama amonia. Tena ni walaji wakubwa wa kamba, minyoo na minofu ya samaki. Amonia huwa majini kwa sura mbili, moja sumu kali na nyingine yenye madhara madogo, na joto huiongeza ile ya sumu. Maji yakiwa na pH 7.5, sumu hiyo ni kama asilimia 1.8 ya amonia yote kwa nyuzi 25, lakini hufika asilimia 2.5 kwa nyuzi 30. Amonia ni ileile na chakula ni kilekile, lakini sumu imeongezeka kwa zaidi ya theluthi. Nayo hushambulia matamvua, viungo vilevile ambavyo taa anavitegemea kupata oksijeni iliyokwisha kupungua. Ukiona matundu yaliyo nyuma ya macho yake yanapumua harakaharaka na kingo za mwili zinajikunja kuelekea juu, pima amonia kabla ya kugusa hita.

Kwa hiyo nyuzi 28 zimechaguliwa kwa ajili ya saa mbaya, ili pabaki nafasi kabla ya hatari. Upande wa chini, nisingemshusha taa wa Amazon au Xingu chini ya 24, maana hamu ya kula hupungua na kinga ya mwili hudhoofika. Taa wa aina ya motoro wa bonde la Paraná wamezoea majira ya baridi, hivyo ni vyema kumuuliza muuzaji samaki wake wana asili ya wapi.

Tuje kwenye hita. Kupandisha lita 1,000 kwa nyuzi moja kunahitaji takriban kilowati-saa 1.16. Hita moja ya wati 600 ikikwama ikiwa imewaka saa nne usiku, na tangi lisipoteze joto, hadi alfajiri saa kumi na mbili itakuwa imeongeza nyuzi nne, na 28 imekuwa 32. Ukitumia mbili za wati 300, ikikwama moja utalikuta tangi asubuhi kwenye nyuzi 30. Ikifa moja, nyingine itapunguza kasi ya kupoa. Juu ya hayo funga kidhibiti cha pembeni kinachokata umeme kwenye 29. Hita zenyewe zikae kwenye tangi la chujio au ndani ya kizimba, kwa sababu taa hulalia chochote anachokikuta na ngozi laini ya tumbo lake huungua.

Kubadilisha maji kuna hesabu yake pia. Lita 300 za nyuzi 20 zikimiminwa juu ya lita 700 za nyuzi 28, tangi hushuka mara moja hadi 25.6. Yapashe moto maji mapya kwanza, yasipishane na ya tangini kwa zaidi ya nyuzi moja.

Na jua la mchana likilipandisha tangi hadi 31 hita zikiwa zimezimwa, usikimbilie barafu. Ongeza mapovu ya hewa, elekeza feni juu ya maji yapoe kwa kufuka, na siku hiyo usimpe taa chakula.