Koleo Hukaa Pembeni Kwanza

Kung'oa jino la kawaida hakuhitaji misuli. Mzizi wake huchongoka kuelekea nchani, hivyo daktari wa meno hulitikisa taratibu mpaka mfupa ulegee, likatoka. Ufundi wenyewe utauona kwenye jino ambalo mzizi wake umenenepa.

Kila mzizi umevikwa tabaka jembamba la sementi, gamba gumu linaloshika nyuzi zinazolifunga jino kwenye taya. Tabaka hilo huongezeka kidogo kidogo maisha yote. Kwa wengine huzidi kiasi, na madaktari huiita hali hiyo haipasementosisi. Mara nyingi chanzo hakipatikani. Mara nyingine ni uvimbe sugu kwenye ncha ya mzizi, au ugonjwa wa mifupa alioueleza daktari Mwingereza James Paget mwaka 1877. Haiumi wala haidai tiba. Kazi huanza siku jino lenyewe likioza na kulazimika kutoka, maana mzizi umeshakuwa rungu: kichwa kimezama mfupani, mpini ndio uko juu. Ukivuta kwa nguvu, kitu kitavunjika, na pengine kitu hicho ni taya.

Kwa hiyo fundi hodari haanzi na koleo. Huanza na picha ya eksirei, akiitafuta mistari miwili: mweusi mwembamba unaouzunguka mzizi mnene, na mweupe nje yake. Ule mweusi ukiwa mzima, jino bado halijashikana na mfupa. Ukipotea mahali, hapo atatarajia ubishi.

Baada ya ganzi huchana ufizi na kuuinua, kisha hupunguza mfupa upande wa shavu, maji yakitiririka muda wote ili joto la mashine lisiue mfupa unaobaki. Gego la chini hulipasua katikati ya mizizi yake miwili, kila mmoja upite njia yake. Ndipo huingiza kifaa chembamba kwenye mwanya, akakizungusha kidogo sana, akatulia. Kutulia huko ndiko ninakokuhusudu. Mgonjwa hudhani daktari kapumzika, kumbe vidole vinasikiliza. Mzizi usiposogea, haongezi nguvu. Hurudi kupunguza mfupa kidogo tena. Mwisho husafisha shimo na kushona.

Basi ukiambiwa ukapige picha kabla ya kung'olewa, usinung'unike kwamba unazungushwa. Nenda kapige.