Mshauri wa Usalama Asipewe Karatasi ya Alama

Mashindano ya FIRST Robotics Competition yalianza mwaka 1992 katika jimbo la New Hampshire, Marekani, yakiwa na timu 28 ndani ya ukumbi wa michezo wa shule. Mchezo mmoja huchukua takriban dakika mbili na nusu. Muda mwingi wa siku wanafunzi huwa vibandani, kila timu katika eneo la takriban mita tatu kwa tatu, wakikaza nati, wakikata alumini na kubadilisha betri huku wakisubiri kuitwa tena uwanjani. Humo ndimo vidole hubanwa na chembe za chuma huruka machoni, na kwa ajili ya eneo hilo mashindano yana mtu wa kujitolea anayeitwa mshauri wa usalama. Mtu huyu si mkaguzi wa roboti wala mhudumu wa afya. Kazi yake ni kupita kibanda hadi kibanda, kutazama na kusema na vijana kabla jambo halijaharibika. Naamini anafaa kwa kazi hiyo pale tu anapokuwa amefundishwa kuitazama kazi yenyewe inavyofanyika, na pale asipokuwa na alama za kumgawia mtu. Orodha aliyoikariri, hata iwe ndefu kiasi gani, haitoshi.

Orodha yenyewe inaeleweka, na sina ugomvi nayo: miwani ya kinga kwa kila aingiaye eneo la vibanda, viatu vilivyofunika vidole, nywele ndefu zifungwe, mikufu ivuliwe. Mjitoleaji mpya huisoma na kuishika kwa siku moja. Lakini wataalamu wa usalama kazini, wakiwamo wa taasisi ya NIOSH ya Marekani, hupanga njia za kujikinga kwa ngazi. Juu kabisa ni kuiondoa hatari yenyewe, kisha kuibadilisha na kitu chenye hatari ndogo, kisha kuizuia kwa kifaa au umbo la mashine, kisha utaratibu wa kazi, na chini kabisa ni mavazi ya kinga. Mshauri aliyefundishwa orodha tu huanzia ngazi ya mwisho na mara nyingi huishia hapohapo, kwa sababu miwani huonekana kutoka mbali, ilhali waya uliochubuka hauonekani mpaka uiname.

Chukua betri. Roboti hizi huendeshwa na betri ya asidi na risasi ya volti 12, yenye uzito wa kama kilo 6. Kijana akiambiwa ajihadhari nayo huweza kujibu kwamba volti 12 hazimrushi mtu, na hapo amesema kweli. Ila upinzani wa ndani wa betri ya aina hiyo ni mdogo sana, takriban miliohmu 11. Spana ikiangukia vichwa vyote viwili kwa pamoja, hesabu ya Ohm inatoa mkondo unaopita ampea 1,000, na kwa mkondo huo chuma huwa chekundu kabla mkono haujawahi kukitoa. Roboti ina kikata umeme kikuu cha ampea 120, na wanafunzi wengi hukitegemea. Lakini kikata umeme hicho kimefungwa upande wa roboti, baada ya betri, kwa hiyo shoti iliyotokea juu ya vichwa vya betri haipiti kwake hata kidogo. Kinachookoa ni utepe au mfuniko wa plastiki uliofunika vichwa hivyo pande zote, jambo ambalo kanuni za mashindano zinalidai. Mshauri anayejua haya hupita mbele ya meza ya kuchajia, akaona utepe umebanduka upande mmoja, akasimama. Asiyejua ataona vijana wanne wenye miwani safi, atatabasamu na kuendelea na safari yake.

Hewa iliyoshindiliwa nayo ina funzo lilelile. Matangi ya roboti huruhusiwa kubeba hewa yenye shinikizo la hadi psi 120, na kuzima umeme hakuhakikishi kwamba hewa hiyo imetoka. Mkono wa roboti uliosimama kimya waweza bado kuwa na nguvu ya kuponda kidole. Ndiyo maana swali moja zuri la mshauri linazidi maonyo kumi: “Hewa mnaitolea wapi, na mnajuaje kwamba imekwisha?” Timu iliyojipanga itamwonyesha vali na kipimo. Timu isiyojipanga itatazamana, na kule kutazamana ndiko taarifa aliyoifuata.

Sasa nije kwenye alama. Kwa miaka mingi mashindano haya yalikuwa na tuzo ya usalama iliyodhaminiwa na UL, kampuni ya Marekani ya kupima usalama wa bidhaa, na washauri haohao waliozunguka vibandani walishiriki kuzipima timu. Nia ilikuwa njema. Tatizo ni kwamba mtu mwenye alama huonyeshwa anachotaka kukiona. Vijana walijifunza kuita “Roboti!” kwa sauti kubwa wakipita njiani, kugawa beji za usalama, kupanga mabango mlangoni, na hakuna hata kimoja katika hivyo kinachofunika kichwa cha betri. Lililo baya zaidi, timu iliyokaribia kuumia ilipata sababu ya kunyamaza, kwani kueleza kosa kulifanana na kujipunguzia alama. Wenye ndege walilijua hili mapema. Baada ya ajali ya ndege ya TWA karibu na Washington, Desemba 1974, mamlaka ya anga ya Marekani ilianzisha mpango wa kupokea taarifa za makosa, lakini marubani hawakuwa tayari kumweleza makosa yao yule mwenye uwezo wa kuwaadhibu. Mwaka 1976 kazi ya kuzipokea ilikabidhiwa NASA, isiyo na leseni ya mtu ya kunyang'anya, na tangu hapo taarifa zimekuwa zikimiminika.

Wapo watakaosema kwamba bila tuzo vijana hawatajali. Nadhani wanasahau kwamba vijana hawa wanataka roboti yao ifanye kazi. Betri iliyolegea na waya uliochubuka ni hatari, na pia ni mchezo uliopotea, na mshauri anayewaonyesha hivyo amewapa sababu kubwa kuliko beji. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mtoto asiye na miwani mbele ya msumeno unaozunguka haulizwi maswali, anasimamishwa. Nakubali kabisa, na mafunzo lazima yaseme hivyo waziwazi: hatari ya papo hapo husimamishwa papo hapo, kwa neno moja, bila kuomba radhi. Hata hivyo, yaliyo mengi vibandani si ya aina hiyo. Roboti ya kama kilo 50, bila kuhesabu betri na bampa, itainuliwa mara nyingi siku hiyo na vijana waliochoka. Hapo amri haisaidii kama kuwauliza nani anashika wapi, nani anahesabu, na wakifika mlangoni nani anatangulia kinyumenyume.

Watasema pia kwamba mjitoleaji wa siku mbili hawezi kufundishwa haya yote. Hana haja ya yote. Mpe kibanda kimoja kilichoandaliwa chenye kasoro tano zilizofichwa, mpe dakika kumi azitafute, kisha akae na mzoefu amwonyeshe zilizomponyoka. Kasoro atakayoikosa mwenyewe atakuwa mwepesi kuikumbuka kuliko ukurasa alioupitia kwa macho.

Kenya na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka timu Washington mwaka 2017, mashindano ya kimataifa ya roboti ya FIRST Global yalipofanyika mara ya kwanza, na mashindano ya shule huku kwetu nayo yana betri na misumeno. Kwenu mnaoyaandaa: mkitafuta mshauri wa usalama, anzeni na fundi umeme wa magari wa mtaani kwenu, anayeijua betri ya asidi kwa mikono yake. Mpeni kitambulisho, mpeni muda wa kuzunguka, na karatasi ya alama msimpe.