Mwaka wa Gari-Nyumba Hupangwa Kinyumenyume

Barabara ya Going-to-the-Sun, inayovuka milima ya Hifadhi ya Taifa ya Glacier katika jimbo la Montana, Marekani, ina sharti moja lisilo na mjadala: kati ya kambi ya Avalanche na eneo la Rising Sun, gari lililozidi urefu wa futi 21, yaani mita 6.4, halipiti. Upana nao usizidi futi 8, vioo vya pembeni vikihesabiwa. Barabara hiyo ilikamilika mwaka 1932, ikiwa imechongwa ubavuni mwa majabali, na magari ya zama zile yalikuwa madogo. Gari-nyumba la kukodi linalopendwa na familia, lenye jiko, choo na vitanda vya watu watano au sita, huwa na urefu wa futi 25 hadi 30. Familia inayolikodi kwa ajili ya Glacier imejifungia njia kuu ya hifadhi tangu siku ilipolipia gari, na wengine hulijua hilo wakiwa wameshafika.

Mipango mingi ya safari za namna hii huharibikia papo hapo. Watu huanza na orodha ya mahali wanapopatamani, kisha huchagua gari kwa kuhesabu vitanda, kisha huomba likizo kazini, na mwisho kabisa ndipo hutafuta pa kulala. Kwa wasomaji wetu walioko Houston au Minneapolis, wanaokodi gari hili mara moja kwa mwaka, hoja yangu ni kwamba mpangilio huo ugeuzwe chini juu. Barabara na kambi zichaguliwe kwanza, zenyewe ziamue ukubwa wa gari. Tarehe za kufunguliwa kwa nafasi ziamue lipi liamuliwe lini. Na katika safari nzima zifungwe siku chache tu, zile ambazo zikipotea hazina mbadala. Nyingine ziachwe wazi kwa makusudi, si kwa uzembe.

Urefu wa gari una uzito huu kwa sababu ya historia ya kambi zenyewe. Mwaka 1932 Emilio Meinecke, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, alitoa mapendekezo kuhusu kambi za umma. Alikuwa ameona jinsi magari yanavyozurura chini ya miti, yanavyoshindilia udongo na kuua mizizi. Dawa yake ilikuwa njia nyembamba ya mzunguko, ya kwenda upande mmoja, yenye vichochoro vifupi vya kuegesha, kila kichochoro na meza yake na mahali pake pa kuotea moto. Muundo huo ukaenea katika hifadhi na misitu ya taifa, na kambi nyingi wanazogombania watu leo bado zinaufuata. Kichochoro kilichokatwa kwa ajili ya gari dogo na hema hakirefuki kwa sababu viwanda vya Indiana vimeanza kutengeneza magari ya futi 40. Ndiyo maana kambi ya Mather, upande wa kusini wa Grand Canyon, ina kikomo cha futi 30, ilhali jirani yake, Trailer Village, inapokea magari hadi ya futi 50 na kuyapa umeme, maji na bomba la maji taka. Yellowstone, pamoja na ukubwa wake wote, ina kambi moja tu yenye huduma hizo tatu ndani ya hifadhi, nayo ni Fishing Bridge. Hapo mahema na trela za turubai hazikubaliwi, kwa kuwa eneo hilo ni la dubu.

Tena masharti hayakai palepale. Handaki la Zion, huko Utah, lenye urefu wa kilomita 1.8, lilifunguliwa mwaka 1930. Kwa miaka mingi magari makubwa yalilivuka kwa kulipia ada, askari wa hifadhi wakisimamisha magari ya upande wa pili ili kubwa lipite katikati ya barabara. Mwaka 2025 hifadhi ilitangaza kwamba utaratibu huo unakoma na kwamba kuanzia katikati ya 2026 magari makubwa yatazunguka kwa njia nyingine. Ratiba ya rafiki aliyekwenda miaka mitatu iliyopita, hata kama ilimfaa sana, haifai kunakiliwa bila kukaguliwa upya.

Baada ya urefu ni dirisha la kuweka nafasi, na hapa ndipo neno “mwaka ujao” linapodanganya. Kambi nyingi za serikali kuu zinazopatikana kupitia Recreation.gov hufunguliwa miezi sita kabla, siku moja baada ya nyingine: atakayewasili Julai 10 hupata nafasi yake kuanzia Januari 10. Yosemite hufuata utaratibu wake; nafasi za mwezi mzima huachiwa kwa mkupuo tarehe 15, saa 1 asubuhi kwa saa za Pasifiki, takriban miezi mitano kabla. Florida, kimbilio la wakati wa baridi, tangu Januari 2024 huwapa wakazi wake miezi 11 na wageni miezi 10 katika hifadhi za jimbo. Trailer Village huanza kupokea maombi zaidi ya mwaka mmoja kabla. Maana yake ni hii: anayetaka kulala Florida katikati ya Februari anapaswa kuwa mbele ya kompyuta katikati ya Aprili ya mwaka uliotangulia, wakati safari yake ya Julai itakayofuata haihitaji uamuzi hadi Januari. Anayeketi mezani sikukuu za Desemba akisema sasa tupange mwaka mzima, ameshachelewa kwa nusu ya mwaka huo, na nusu nyingine bado haijafunguliwa. Mpango ulio hai huandikwa kwa tarehe za kufunguliwa. Tarehe za kusafiri zinakuja baadaye.

Madirisha haya yanayosogea siku kwa siku yamezaa ujanja unaostahili kuelezwa, kwa sababu ndio unaowafanya wageni waamini kwamba mfumo umevunjika. Sharti la miezi sita hupima siku ya kuwasili, halipimi kila usiku. Anayefungua ombi Januari 5 kwa ajili ya kuwasili Julai 5 na kulala usiku saba ameshachukua usiku wa Julai 10 kabla mwenzake hajaruhusiwa kuuomba. Baadhi ya watu huomba hivyo kisha hufuta siku za mwanzo wasizozihitaji. Recreation.gov imejibu kwa kuzuia mabadiliko ya tarehe kwa siku 18 kwa mtu aliyeomba usiku uliovuka dirisha. Kizuizi hicho kinapunguza mchezo, hakiumalizi. Anayepanga kwa uaminifu afanye jambo moja tu la kujilinda: alenge kuwasili katikati ya wiki, kwa kuwa ushindani mkubwa uko Ijumaa na Jumamosi, na siku moja ya likizo iliyosogezwa ina thamani zaidi kuliko vidole vyepesi.

Hali ya hewa ndiyo inayofunga kazi hii. Nahodha wa jahazi kati ya Pwani na Uarabuni hakuwa na haja ya kujadili mwezi wa kutweka. Kaskazi na kusi zilimwamulia. Magharibi ya Marekani ina ukali wa namna hiyo. Barabara nyingi za ndani ya Yellowstone hufungwa kwa magari ya kawaida tangu mapema Novemba hadi Aprili. Logan Pass ya Glacier, yenye kimo cha mita 2,026, mara nyingi haifunguki kikamilifu hadi mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, kutegemea theluji. Ghuba ya Mexico nayo huwa na msimu wa vimbunga kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30. Ukiyaweka haya pamoja, ramani ya mwaka inabaki na njia chache: kusini wakati wa baridi, milimani Julai na Agosti, jangwani tena kuanzia Oktoba. Anayeahidi watoto Glacier mwezi Mei ameahidi theluji.

Kisha kuna matangi, ambayo vitabu vya safari huyapita haraka mno. Gari lenye tangi la maji safi la lita 150 hubeba takriban kilo 150 za maji, uzito unaohesabiwa pamoja na abiria na mizigo. Familia ya watu wanne inayobana matumizi, kila mtu lita 12 kwa siku, inamaliza tangi hilo siku ya nne, na maji hayo hayapotei: yanahamia kwenye tangi la maji machafu na lile la choo, yanayohitaji kumwagwa mahali maalumu. Umeme una hesabu yake. Soketi ya ampea 30 kwa volti 120 hutoa wati 3,600, zinazotosha kiyoyozi kimoja na vyombo vya jikoni kwa zamu. Pasipo soketi, inabaki betri au jenereta, na kambi za hifadhi huruhusu jenereta kwa saa maalumu tu. Kwa hiyo ni matangi yanayoamua kwamba baada ya usiku tatu au nne usio na huduma uje usiku mmoja wenye huduma. Kanuni ya wazoefu, isemayo usizidi maili 300 kwa siku, ufike saa 9 alasiri, ukae usiku tatu, ina mantiki kwa sababu inaendana na matangi hayo, na pia kwa sababu maili 300, yaani kilomita 480, si safari ndogo kwa gari zito mlimani. Kutoka West Yellowstone hadi West Glacier ni zaidi ya kilomita 600. Siku mbili, si moja, hata kama simu inasema saa saba.

Pingamizi la kwanza ni la uhuru: gari-nyumba hununuliwa ili mtu alale popote, sasa kwa nini alifungie kwenye kalenda? Pingamizi hili lina ukweli wake mahali pake. Ardhi ya umma inayosimamiwa na Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi huko magharibi huruhusu, katika maeneo mengi, kulala bure hadi siku 14 bila kuomba nafasi. Quartzsite, Arizona, ina maeneo ya jangwa ambako wazee kutoka majimbo ya baridi huhamia kwa msimu mzima, Septemba 15 hadi Aprili 15, kwa kibali kimoja. Mtu wa namna hiyo hahitaji makala hii. Lakini mwenye likizo ya wiki mbili za Julai, mwenye watoto na gari lenye tarehe ya kurudishwa, hana uhuru huo, na kujifanya anao kunamlaza kwenye maegesho ya duka kubwa kilomita 80 kutoka getini, kama hata hapo anaruhusiwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Nafasi nyingi hufutwa wiki za mwisho, na mwenye subira huziokota. Kwa nini basi kuhangaika miezi sita kabla? Ni kweli zinafutwa. Ila zinazorudi sokoni huwa za kila ukubwa, na gari la futi 20 linaingia karibu katika zote, ilhali la futi 32 linaingia katika chache. Subira ni mbinu ya gari fupi. Hapa ndipo naona sababu kubwa ya kuchagua gari mwishoni: anayejua kwamba hakufanikiwa kufunga kambi mapema bado anaweza kukodi gari dogo na kuongeza hema kwa vijana, mahali hema linaporuhusiwa.

La tatu ni kwamba mpango wowote huvunjwa na majanga. Juni 2022 mafuriko yaliilazimisha Yellowstone kufunga malango yake yote, na zaidi ya watu 10,000 wakaondolewa. Julai 2025 moto ulioanzishwa na radi uliteketeza hoteli ya Grand Canyon Lodge upande wa North Rim. Mifano hii haipingi kupanga. Inapinga kufunga kila usiku. Hifadhi ikifunga kambi yenyewe, mgeni hurudishiwa fedha. Hasara iko kwenye kambi zilizobaki wazi lakini ambazo ratiba haizifikii tena, kila moja ikiwa na ada yake ya kufuta, dola 10 kwa zile za Recreation.gov, na mara nyingi zaidi kwa kambi za binafsi. Mwenye vituo vitatu vilivyofungwa katika wiki mbili, na siku nne au tano wazi baina ya kimoja na kingine, ana muda wa kuzunguka na bado akawahi kituo kinachofuata.