Makimbilio ya Mbotela

Zipo hadithi za Ulaya zenye kusimulia majira ya baridi: theluji yaanguka, maskini asiye na kwao abisha hodi, naye akaribishwa penye moto na bakuli la mchuzi. Msomaji hufunga kitabu akiwa na moyo mkunjufu. Wewe usomaye Takaungu, ambapo kipupwe chataka shuka moja tu, usidhani kwamba hadithi ya namna hiyo haina mwenzake katika Kiswahili. Mwenzake ni *Uhuru wa Watumwa*, kitabu cha James Mbotela kilichotolewa mwaka 1934.

Makimbilio yake ni Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mji ulioanzishwa na wamisheni wa Kiingereza mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa majahazini. Babaye mwandishi alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo asimuliapo jinsi watu walivyonyakuliwa bara, na jinsi manowari ilivyolikamata jahazi lililowachukua, twasikia maneno yaliyotoka kinywani mwa mzee nyumbani. Hapo ndipo penye uzuri wa kitabu. Kiswahili chake ni chepesi, hakijipambi, nacho chaeleza hofu bila ya kupiga kelele.

Walakini, yafaa tumwulize kila mwandishi: nani hayumo? Katika kitabu hiki mwokozi ni Mwingereza, na kazi ya aliyeokolewa ni kushukuru. Shukrani ya mtoto kwa waliomhifadhi babaye siwezi kuilaumu. Lakini Takaungu yajua habari nyingine. Mazrui walihamia hapa walipoondoshwa Mombasa mwaka 1837, na mashamba ya pande hizi yalilimwa na watumwa. Wengi wa watumwa hao hawakungoja manowari. Walitoroka usiku, wakaenda bara upande wa Giriama, wakakaa Fuladoyo; wengine wakakimbilia Rabai. Kijiji cha Fuladoyo kilivunjwa mwaka 1883. Watoro waliokuwa Rabai na katika vituo vingine vya misheni, zaidi ya 1,400, walipewa hati zao mwanzoni mwa mwaka 1889, baada ya fidia kulipwa. Nayo fidia walipewa mabwana, si watumwa.

Basi, msomaji wangu, ukifika pale manowari inapotokea, kiweke kitabu magotini kidogo. Jiulize kama mtu wa shamba la Takaungu, usiku ule, alikuwa akitazama baharini au akitazama bara.