Sifa ya Mwalimu wa Uongozi

Katika vitivo vya uchumi, mwalimu wa hesabu huonekana ana chombo mkononi, na mwalimu wa uongozi huonekana ana maneno tu. Dharau hiyo haina haki, na Butembo na Beni, miji ya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ndipo udhaifu wake unapoonekana. Huko kazi ya profesa wa uongozi ni kuuchambua uaminifu ambao watu wamejengeana bila karatasi, mpaka hata mgeni aweze kuuhoji, kuusahihisha na kuutumia.

Mali ya kuchambua haikosekani. Wafanyabiashara wa Butembo wamezoea kuchanga mizigo ya watu kadhaa katika kontena moja kutoka Dubai au Guangzhou, ikapita Mombasa hadi mpaka wa Kasindi, na wamechangia hata barabara ambazo dola ilizitelekeza. Mwaka 1989 Askofu Emmanuel Kataliko alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo; mwaka 2007 David Kasali, aliyewahi kuongoza chuo cha theolojia Nairobi, akaanzisha Beni chuo kikuu cha Kikristo kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Hakuna kati yao aliyengoja cheo cha serikali. Basi profesa ana maswali ya kweli ya kuwapa wanafunzi: nani hushika fedha za wenzake? Mzigo ukipotea, nani huamua?

Wapo watakaosema kwamba matajiri hao hawakusomea uongozi popote. Ni kweli, lakini mali bila daftari huisha bila habari, na maarifa ni vivyo hivyo. Uaminifu wa ukoo na kanisa huishia ukingoni mwa ukoo na kanisa. Mfano ni mlipuko wa Ebola wa eneo hilo, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ulioua watu 2,287. Chanjo ilikuwepo na fedha zilikuja. Hata hivyo, Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Miezi miwili kabla, wenyeji walikuwa wamenyimwa kura kwa sababu ya Ebola na usalama, huku masoko na makanisa yakiwa wazi. Wengi waliona hila. Anayefundisha uongozi hawezi kulipita tukio hilo: linaonyesha kwamba amri yenye dawa ndani yake hukataliwa ikiwa anayeitoa haaminiki.

Pingamizi zito zaidi ni la bunduki. Beni imeona mauaji ya raia tangu Oktoba 2014, na Mei 2021 jimbo lake, Kivu Kaskazini, liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Somo la uongozi halizuii risasi, na mwalimu mwaminifu hadai hivyo. Lakini mwenye bunduki hutiiwa akiwa amesimama mbele ya watu. Likelemba (chama cha kuchangiana fedha kwa zamu), hospitali na ushirika wa kahawa huhitaji kiongozi ambaye neno lake hushikwa hata akiwa safarini. Ukiambiwa kiongozi huzaliwa, kubali kwamba sauti na ujasiri vyaweza kuwa vya kuzaliwa. Kutoa hesabu ya fedha za wengine, kumsikiliza anayekupinga na kumwandaa mrithi asiye mwanao ni mazoea, na mazoea hufundishwa. Kwa hiyo tusimpime profesa huyu kwa idadi ya wakubwa waliopitia darasani kwake. Tumpime kwa vyama na maduka yanayoendelea kufanya kazi baada ya waanzilishi kuondoka.