Herufi na Ukuta

Watu wengi huidhani kazi ya mchora mabango kuwa ni kazi ya mkono tu: mwenye mkono mzuri huandika vizuri, basi. Nimezitazama kwa miaka kadhaa kazi za fundi mmoja wa Nyamisangura, hapa mjini Tarime, nami nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika kabla hajafungua kopo la rangi. Jina lake silitaji kwa kuwa ameniomba nisilitaje.

Akipewa kazi, kwanza huenda kukaa mahali itakapotazamwa. Hukaa hata saa nzima. Anataka kujua nani atapita hapo, kwa miguu au kwa gari, na atakuwa na haraka kiasi gani. Lori la ndizi liendalo mbio kwenye barabara ya Sirari halimpi msomaji nafasi ya kusoma methali, kwa hiyo humshawishi mwenye lori aridhike na neno moja. Kisha huhesabu herufi, akijua kuwa M hula nafasi ya I tatu, hupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, na huanza kuandika kutoka katikati ya neno kwenda pande zote mbili. Ndiyo maana maneno yake hayabanani mwishoni kama abiria wa daladala.

Ana kasoro yake. Kila herufi huitia kivuli chekundu. Juu ya bodi ya lori kivuli hicho kinapendeza, lakini nimekiona pia kwenye msalaba wa kaburi, herufi zimevimba kana kwamba marehemu anauza soda. Fundi anayejiuliza mtazamaji ni nani angepaswa kujiuliza pia mtazamaji huyo amekuja na moyo gani.

Ngao ya Taifa ilimpa mtihani wa namna nyingine. Aliichora kwenye ukuta wa ofisi moja, na hapo hakuwa na ruhusa ya kubuni: mwenge, bendera, shoka na jembe, mkuki, mawimbi, mwanamume na mwanamke walioshika meno ya ndovu, karafuu chini ya mmoja na pamba chini ya mwingine, wote juu ya Kilimanjaro. Ni vitu vingi mno kwa ukuta wenye upana wa mita moja. Yeye aliamua kuvichora vyote, lakini akayapa maneno “Uhuru na Umoja” nafasi kubwa kuliko kawaida, kwa sababu, alisema, anayengoja kwenye foleni husoma kwanza, kisha ndipo huangalia picha. Sijakubaliana naye, naona utepe umeielemea ngao. Hata hivyo uamuzi wake una hoja. Mchoro wenyewe una historia yake ya ubishi: mzee Francis Kanyasu, maarufu kama Ngosha, aliyefariki mwaka 2017, alitajwa na wengi kuwa ndiye aliyeuchora, na wengine wakamtaja Abdallah Farahani. Nchi nzima inaijua picha, na bado haijakubaliana juu ya mkono ulioichora.

Kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ni ukuta wa kupinga ukeketaji. Msomaji wa mbali ajue kwamba hapa kwetu, katika koo za Wakurya, msimu wa tohara huja Desemba shule zikifungwa, na neno la wazee wa inchama lina uzito ambao Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inayokataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, haijaweza kuufuta. Walioagiza kazi walikuja na mchoro wao: wembe unaochuruzika damu. Fundi aliukataa.

“Mwalimu,” aliniambia, “damu hapa haimtishi mtu. Binti anafundishwa kwamba asiyelia ndiye shujaa. Nikichora damu, nitakuwa nimemsifu.”

Sijapata kusikia uhakiki mkali zaidi wa mabango ya kampeni. Badala ya wembe alichora darasa. Madawati yote yana wanafunzi isipokuwa moja, na juu ya dawati hilo kuna daftari lililofungwa. Kwenye ubao ameandika tarehe ya Januari. Hakuna uso wa binti aliyekosekana, na hapo ndipo nguvu ya picha ilipo, kwa sababu kila mama apitaye na ndoo yake anaweza kumkalisha pale binti anayemjua.

Bahati mbaya, walioagiza waliongeza mistari minne ya maelezo na nembo ya mfadhili iliyo kubwa kuliko dawati. Fundi aliinamisha kichwa akaandika, na herufi zikatiwa kivuli chekundu kama kawaida. Nilimlaumu. Alinijibu kwamba mteja analipa kwa neno, na watoto wake wanakula kwa hayo maneno. Sikuwa na la kujibu, ingawa bado naamini kwamba mstari mmoja ungetosha.

Siku hizi mashine za kuchapa mabango ya plastiki zimemnyang'anya harusi na maduka mengi. Kuta na malori bado ni vyake. Ukuta ule wa darasa jua limeanza kuula. Maelezo yamefifia kwanza, pamoja na nembo, maana aliyaandika kwa rangi nyepesi. Dawati bado linaonekana.